Taipei hadi Shanghai: kilomita 680, saa moja na nusu, miaka 59

Kosa lilikuwa langu. Mhariri hakuliona, msanifu wa kurasa hakuliona, na mimi mwenyewe nililala usingizi mnono nikijua nimeandika makala safi. Ilikuwa makala ya ukurasa wa uchumi kuhusu wenye viwanda wa Taiwan waliohamishia mitambo yao China bara katika miaka ya 1990. Ili ianze kwa mbwembwe kidogo (mnatujua waandishi), nikaandika kwamba mwenye kiwanda wa mwaka 1995 aliweza kunywa chai nyumbani kwake Taipei asubuhi na kuwahi kikao Shanghai kabla ya saa sita mchana, maana ni mwendo wa saa moja na nusu tu kwa ndege.

Ile saa moja na nusu niliitoa kwenye intaneti. Mnazifahamu zile tovuti: unaandika mji wa kwanza, unaandika wa pili, unabonyeza, inakuletea umbali na muda wa kuruka. Sikuona sababu ya kuuliza zaidi. Kilomita ni kilomita.

Kesho yake simu ya chumba cha habari ikalia, nikaitwa. Sauti ya mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyeandika habari za Taipei?"

Nikajibu ndiyo, nikitegemea pongezi.

"Sasa niambie, hiyo ndege ya mwaka 1995 ilikuwa ya shirika gani?"

Kimya. Sikuwa na jibu. Mzee akacheka, akaniambia aliwahi kuwa baharia kwenye meli za mizigo, ameifahamu Kaohsiung na ameifahamu Hong Kong, na kwamba mwaka huo hakukuwa na ndege wala meli iliyokwenda moja kwa moja toka Taiwan hadi Shanghai. "Sisi tulipitia kisiwa kimoja cha Japani, Ishigaki, kugonga mhuri tu. Hatukupakua hata gunia. Mhuri, halafu twende." Akaniaga kwa adabu kuliko nilivyostahili.

Nilikaa na aibu yangu wiki nzima, nikisoma. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyapata, na naona ni bora kuliko makala yenyewe niliyoiandika.

Anza na atlasi, kama bado unayo ile ya shule. Tafuta Taipei, juu kabisa ya kisiwa cha Taiwan: nyuzi 25 kaskazini, nyuzi 121 na ushee mashariki. Sasa panda juu na kidole bila kukipeleka kulia wala kushoto. Ukifika nyuzi 31 utakuwa umeikuta Shanghai. Miji hii miwili imepangana kama vifungo vya shati, mmoja juu ya mwingine. Nyuzi sita na kidogo, kila moja kilomita 111, unapata kama kilomita 680. Ni sawasawa na kuruka Dar es Salaam hadi Nairobi. Ndege ya abiria ikishakaa sawa angani inakwenda kilomita 800 kwa saa au zaidi. Ongeza muda wa kukimbia uwanjani, kupanda na kushuka, unapata saa moja na dakika ishirini, thelathini. Tovuti haikudanganya hata kidogo. Ilichokosa ni tarehe.

Mwaka 1949 Chiang Kai-shek na chama chake cha Kuomintang walishindwa vita vya wenyewe kwa wenyewe na wakavuka bahari kwenda Taiwan. Inakadiriwa watu milioni moja au zaidi walivuka nao: wanajeshi, maofisa, walimu, wake, watoto, na vijana wengi waliookotwa tu njiani na kuvishwa magwanda. Mao Zedong akabaki na bara, akatangaza Jamhuri ya Watu wa China. Chiang akabaki na kisiwa na jina la zamani, Jamhuri ya China. Kila upande ukisema China ni moja, na ndiyo yangu. Kati yao Mlango-Bahari wa Taiwan, ambao pale unapobana ni kama kilomita 130.

Hapo ndege zikakoma. Meli zikakoma. Barua zikakoma. Mama aliyekuwa Shanghai na mwanawe aliyekuwa Taipei walitenganishwa na umbali ambao leo unaisha kabla hujamaliza filamu moja, na hawakuweza hata kuulizana hali. Waliobahatika walikuwa na ndugu Hong Kong, Japani au Marekani, wakaandika barua ikaenda kwa ndugu, ndugu akaitia bahasha nyingine akaituma upande wa pili. Na kwa Taiwan ya wakati ule, iliyokuwa chini ya sheria za kijeshi toka 1949 hadi Julai 1987, kukutwa na barua ya bara haikuwa mchezo.

Sitaki kuwachosha na vita vya visiwani. Itoshe kusema mwaka 1958 bara ilianza kukipiga makombora kisiwa cha Kinmen, kinachoshikiliwa na Taiwan lakini kiko puani mwa mji wa Xiamen, na baada ya wimbi la kwanza ikaendelea kukipiga kwa zamu, siku za tarehe zisizogawanyika kwa mbili. Tarehe moja mabomu, tarehe mbili mapumziko. Hali hiyo ilidumu mpaka tarehe 1 Januari 1979, na miaka ya mwisho makombora mengi yalikuwa yamejazwa karatasi za propaganda. Siku hiyohiyo yalipokoma, Beijing ilitoa tamko: tufungue posta, biashara na usafiri. Rais wa Taiwan, Chiang Ching-kuo, mtoto wa Chiang mwenyewe, akajibu kwa hapana tatu: hakuna kukutana, hakuna kuzungumza, hakuna kulegeza.

Wakati huo upepo wa dunia ulikuwa umeshageuka. Oktoba 1971 Umoja wa Mataifa uliipa Beijing kiti cha China, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele. Balozi wetu pale, Salim Ahmed Salim, alisherehekea waziwazi ukumbini na Wamarekani hawakumsahau. Baada ya hapo nchi moja baada ya nyingine iliihama Taipei, na hapa ndipo habari ya ndege inapogeuka kuwa kichekesho. Japani ilipotaka kuruka Beijing ilibidi ionekane haiitambui Taiwan, lakini biashara ya Taiwan ilikuwa tamu mno kuiacha. Ikaundwa kampuni nyingine mwaka 1975, Japan Asia Airways, kwa ajili ya Taipei, ili shirika kubwa lisichafuke. Wengine wakaiga baadaye: KLM Asia, British Asia Airways, Swissair Asia. Ndege ileile, rubani yuleyule, bendera imefutwa mkiani. Na uwanja mpya wa Narita ulipofunguliwa Tokyo mwaka 1978 na mashirika ya kigeni yakahamia huko, China Airlines ya Taiwan iliachwa Haneda, uwanja wa zamani, ili ndege za China hizi mbili zisiegeshwe pamoja. Ilibaki huko hadi 2002. Abiria wengi waliona hiyo ni adhabu nzuri sana, maana Haneda iko karibu na mji na Narita iko mbali.

Sasa tufike mwaka 1986, ambao kwangu ndio mwanzo hasa wa hadithi.

Tarehe 3 Mei 1986 ndege ya mizigo ya China Airlines, Boeing 747, ilitoka Bangkok ikienda Hong Kong. Rubani mkuu alikuwa Wang Hsi-chueh, mwanajeshi wa zamani wa jeshi la anga, mtu aliyeaminiwa. Karibu na Hong Kong akawadhibiti wenzake wawili, akageuza ndege na kutua Guangzhou. Hakutaka fedha, hakutaka kuachiwa wafungwa. Alisema anataka kuishi bara, na ndugu zake walikuwa huko. Taipei ikabaki na ndege kubwa na watu wake wawili kwenye ardhi ya adui, na sera ya hapana tatu mezani. Ilijaribu kupitia kwa watu wa tatu. Beijing ikasema njooni tuongee wenyewe. Mwishowe Chiang Ching-kuo akakubali, kwa ujanja mmoja: wataongea wafanyabiashara, siyo serikali. Wawakilishi wa China Airlines wakakutana Hong Kong na wa mamlaka ya usafiri wa anga ya bara, na mwezi huohuo ndege na wale wenzake wawili wakarudishwa. Ilikuwa mara ya kwanza toka 1949 pande hizi mbili kukaa meza moja hadharani. Rubani mmoja mwenye hamu ya kwao alifanya kilichowashinda mabalozi.

(Utekaji haukuishia hapo, ila uligeuza uelekeo. Mwaka 1993 peke yake ndege kumi za abiria za bara zilitekwa na kupelekwa Taiwan. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho aliyetaka kusafiri moja kwa moja kuvuka Mlango alikuwa na njia moja tu, na njia hiyo iliishia gerezani.)

Mwaka uliofuata, 1987, wazee wakaingia barabarani. Hawa walikuwa wale vijana wa 1949, sasa wanajeshi wastaafu wa miaka sitini na kuendelea. Wengi hawakuwahi kuoa Taiwan, kwa sababu walikuwa na wake bara, au kwa sababu serikali ilikuwa ikiwaambia kila mwaka kwamba mwakani tunarudi. Miaka 38 ya mwakani. Walivaa fulana zilizoandikwa maneno mawili tu kwa Kichina, yenye maana ya kukumbuka nyumbani. Hawakuwa wanaharakati. Waliapa utii kwa Chiang, wakapigana kwa ajili yake, ndiyo maana serikali ilipata taabu kuwapiga virungu. Watu wale wakisimama wanauliza kama wanaweza kwenda kuona kaburi la mama, askari wa doria anasema nini?

Julai sheria za kijeshi zikaondolewa. Novemba 1987 serikali ikaruhusu safari za kutembelea ndugu, na maombi yakaanza kupokelewa na Msalaba Mwekundu tarehe 2 mwezi huo. Wanajeshi waliokuwa kazini na watumishi wa serikali hawakuruhusiwa. Wengine wote wenye ndugu wa karibu bara walipanga foleni. Chiang Ching-kuo mwenyewe alifariki Januari 1988, bila kurudi kwao Zhejiang, jimbo lililo jirani kabisa na Shanghai.

Lakini ruhusa ya kwenda haikuwa ruhusa ya kwenda moja kwa moja. Na hapo ndipo mzee wangu wa simu alipokuwa sahihi.

Fuata safari hii. Unatoka Taipei, ambako Shanghai iko kaskazini. Unapanda ndege ya kwenda Hong Kong, iliyo kusini-magharibi, kilomita 800 hivi. Kwa hiyo saa nzima na zaidi unaikimbia Shanghai kwa kasi ya ajabu. Unatua Hong Kong, miaka ile kwenye uwanja wa Kai Tak uliokuwa katikati ya maghorofa. Hati yako ya kusafiria ya Taiwan bara hawaitambui na hawagongi mhuri ndani yake, kwa hiyo unahitaji kibali maalumu cha "ndugu wa Taiwan", kijitabu peke yake. Unasubiri. Mizigo. Foleni. Halafu unapanda ndege ya pili, ya kampuni nyingine, na unaruka kilomita 1,250 kurudi kaskazini. Ukiwa umekaa upande wa kulia unaweza kujua kwamba huko nje, ng'ambo ya maji, kuna kisiwa ulichotoka asubuhi. Jumla ni zaidi ya kilomita 2,000 kwa safari ya 680. Saa sita au saba mambo yakienda vizuri, na yakienda vibaya siku imekwisha.

Sasa mweke kwenye safari hiyo mzee wa miaka 70 mwenye goti bovu, anayebeba redio na pete za dhahabu za kuwagawia wapwa asiowajua. Wengi wa wazee wale Kichina chao kilikuwa cha kijijini kwao na Hong Kong wanaongea Kikantoni. Walipotea uwanjani. Na wengine walifika wakakuta aliyewasubiri amezikwa miaka miwili iliyopita.

Kwa nini Hong Kong? Kwa sababu ilikuwa ya Waingereza, kwa hiyo haikuwa huku wala kule. Macau nayo ilikuwa ya Wareno, na uwanja wake wa ndege ulipofunguliwa mwaka 1995, shirika la Air Macau lilianza mbinu ya kupendeza: unatoka Taipei, unatua Macau, ndege inabadilishiwa namba ya safari, na ndege hiyohiyo inaendelea bara. Namba ndiyo iliyopita mpaka, siyo abiria. Ukiwaza sana unaumwa kichwa.

Halafu Julai 1997 Hong Kong ikarudi China. Nilidhani hapo mchezo wote ungeisha, maana sasa kutua Hong Kong ni kutua China. Wapi. Taiwan ilitunga sheria mwaka huohuo ya kuzihesabu Hong Kong na Macau kuwa kitu tofauti na bara, Beijing nayo ikaona inafaa, na watu wakaendelea kupita palepale kama vile hakuna kilichotokea. China Airlines ilikuwa imeshajiandaa: mwaka 1995 ilifuta bendera ya taifa mkiani na kuchora ua la mplamu.

Njia ya Taipei na Hong Kong ikawa moja ya njia zenye abiria wengi kuliko zote duniani. Makampuni yaliyoiruka yaliiita ya dhahabu. Tarehe 25 Mei 2002 ndege ya China Airlines namba 611, Boeing 747, iliondoka Taipei mchana ikielekea Hong Kong, na dakika kama ishirini baadaye ikapasuka angani karibu na visiwa vya Penghu. Watu wote 225 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mwaka 1980 ndege hiyo iliburuza mkia ilipokuwa inatua Hong Kong, na matengenezo hayakufanywa inavyopaswa. Chuma kiliendelea kula ufa kwa miaka 22. Chanzo ni ufundi, siyo siasa, na sitaki kuchanganya. Ila njia ile ilijaa namna ile kwa sababu wengi waliopanda hawakuwa wanaenda Hong Kong.

Na wakati huo wazee hawakuwa tena ndio wengi. Walikuwa wenye viwanda, wale niliowaandika. Taiwan ilishakuwa tajiri, mishahara imepanda, na bara kulikuwa na ardhi na mikono ya bei nafuu. Kompyuta ndogo zilizotengenezwa Kunshan, mji ulio jirani na Shanghai, nyingi zilitoka kwenye viwanda vya Wataiwan. Mamia ya maelfu walihamia, wakifungua shule za watoto wao na mikahawa ya supu ya tambi za nyama. Kila Mwaka Mpya wa Kichina walitaka kurudi nyumbani, wote wiki moja, wote kupitia mlango uleule mmoja wa Hong Kong. Tiketi zilikuwa vita.

Hawa walikuwa na kitu ambacho wazee hawakuwa nacho: fedha na namba za simu za wabunge. Ndipo mambo yakaanza kusogea, lakini kwa mwendo wa kinyonga. Januari 2001 wakaruhusiwa watu wa visiwa vya Kinmen na Matsu kuvuka kwa boti hadi pwani ya bara. Tarehe 26 Januari 2003 ndege ya kukodi ya China Airlines ikatoka Taipei, ikatua Hong Kong kwa heshima ya utaratibu, ikaendelea Shanghai kuchukua wafanyabiashara wa kurudi sikukuu. Ndege ya kwanza ya Taiwan kutua bara kihalali toka 1949. Mwaka 2005 hatua nyingine: ndege za pande zote mbili, na hakuna tena kutua njiani. Ila ilibidi zipite katika anga inayoongozwa na Hong Kong, ziongee na waongozaji wa ndege wa Hong Kong, kisha zigeuke. Yaani abiria wa Shanghai aliendelea kwenda kusini ili kufika kaskazini, tofauti ni kwamba sasa hakushuka.

Nimejiuliza sana huo mzunguko ulikuwa wa nini. Sehemu moja ni jina tu: Taipei chini ya Rais Chen Shui-bian haikutaka kukubali kwamba hizi ni safari za ndani ya nchi moja, na Beijing haikutaka kukubali kwamba ni za kimataifa. Sehemu ya pili ni ya kijeshi, na siidharau. Katikati ya Mlango kuna mstari usiochorwa kwenye maji, uliowekwa enzi za vita baridi, na kila upande ulizoea kubaki kwake. Ndege ya kivita inavuka kule kwa dakika chache. Mtu wa rada Taiwan akiona nukta inakuja moja kwa moja kutoka bara, anataka ajue mapema ni basi la abiria au ni kitu kingine. Mzunguko wa Hong Kong ulikuwa unamnunulia muda, na gharama ililipwa na abiria.

Machi 2008 Wataiwan wakamchagua Ma Ying-jeou, aliyeahidi ndege hizo kwenye kampeni. Mei akaapishwa, Juni mazungumzo Beijing, na tarehe 4 Julai 2008 zikaanza ndege za mwisho wa wiki. Ya China Southern kutoka Guangzhou iliendeshwa na mwenyekiti wa shirika mwenyewe, Liu Shaoyong, rubani kwa taaluma, nadhani hakutaka mtu mwingine apigwe picha. Lakini hata hizo zilipita anga ya Hong Kong! Mkataba wa kunyoosha njia ulisainiwa Taipei tarehe 4 Novemba, huku waandamanaji wakipambana na polisi mitaani kwa sababu kwa nusu ya kisiwa mgeni huyu kutoka Beijing hakuwa mgeni bali mwenye deni.

Jumatatu, tarehe 15 Desemba 2008. Ndege, meli na barua zikaanza kwenda moja kwa moja siku hiyohiyo. Safari 108 za ndege kwa wiki. Taipei hadi Shanghai ikashuka hadi dakika 80 na kitu, karibu saa nzima pungufu ya njia ya anga ya Hong Kong, na bila kulinganisha na zile saa saba za kubadili ndege. Ukiangalia ramani ya njia mpya utaona bado haikukata Mlango katikati. Ilipita mwisho wake wa kaskazini, kwa heshima ya watu wa rada. Agosti 2009 zikawa safari za ratiba, siyo za kukodi tena, na idadi ikapanda hadi 270 kwa wiki. Juni 2010 zikaanza kuruka kati ya Songshan na Hongqiao, viwanja vya katikati ya miji. Hapo ndipo chai Taipei na kikao Shanghai kabla ya saa sita ilipowezekana kweli. Mimi nilikosea kwa miaka 15 hivi.

Baba wa mtu aliyeondoka Shanghai 1949 akiwa na miaka 20, siku ile ya Desemba alikuwa na 79, kama alikuwa hai.

Msidhani barabara hiyo ya angani imetulia. Mwaka 2015 bara ilifungua njia mpya ya ndege, M503, karibu na ule mstari wa kati. Taiwan ikalalamika, njia ikasogezwa maili sita za baharini magharibi. Januari 2018 ikaanza kutumika kuelekea kaskazini bila Taipei kukubali. Februari 2024, wiki chache baada ya uchaguzi wa Taiwan, bara ikafuta ule msogeo wa maili sita. Na Februari 2020, korona ilipoingia, Taiwan ilibakiza viwanja vichache tu vya bara, Shanghai ikiwa mojawapo. Yote hayo ile tovuti haiyajui. Mwaka wowote, kwenye kila jedwali, kilomita 680, saa moja na nusu.

Masahihisho tuliyachapa ukurasa wa pili, chini ya matangazo ya vifo, mistari mitatu: kwamba mwaka 1995 hakukuwa na ndege ya moja kwa moja kati ya Taipei na Shanghai, abiria walipitia Hong Kong, tunaomba radhi. Nikampigia mzee simu kumjulisha. Alikuwa ameshaona.

"Sawa," akasema. "Lakini hamkuandika Ishigaki."